Dirisha la Tisa

Usitumie maji ya bomba. Hilo la kwanza.
Maji ya Kilimatinde yana chumvi,
yakikauka kiooni yanaacha ramani nyeupe
ya nchi ambayo hakuna aliyewahi kufika.
Mama aliniambia hivyo kitambaa kikiwa kinywani,
mikono yote miwili imejaa,
nami nina miaka tisa, nasikiliza nusu.

Maji ya mvua, basi. Ya mwezi wa tatu,
niliyoyakinga kwenye pipa nikayafunika gunia
yasinywewe na jua, wala na kuku wa Mchungaji Ndahani.
Kata mbili za maji, nusu kikombe cha siki
ya mvinyo uliochachuka, wa zabibu za Hombolo.
Majivu ya mkambala, yachekeche mara mbili,
maana punje moja ya mchanga inakwaruza
na kioo hakisahau.

Madirisha kumi na moja, kila moja vioo ishirini na vinne.
Piga hesabu mwenyewe.
Mimi nimeshaipiga kwa mabega.

Kwanza vumbi, likiwa kavu, kwa brashi ya katani.
Linapanda kutoka bonde la Bahi mchana kutwa
na halibishi hodi.
Ukililowesha kabla hujalipangusa
utakuwa unasiriba dirisha, husafishi.
Kisha kijiti cha mkole, ncha umeitafuna kama mswaki:
kila kioo kina pembe nne,
na uchafu wote wa dunia unajua njia ya pembeni.
Kitambaa cha majivu. Kitambaa cha siki.
Mwisho ngozi ya mbuzi, iliyolainika kwa miaka
mpaka imesahau kwamba iliwahi kuwa na manyoya.
Usizungushe. Vuta, juu kwenda chini.

Dirisha la nne, safu ya tatu, pale si kioo.
Ni picha ya eksirei. Mwaka ule wa mvua ya mawe
mtu alikata kifua cha mgonjwa kikaenea fremu.
Jua la asubuhi likipiga, mbavu saba za mwanga
zinalala juu ya shuka la kitanda namba sita.
Hapo napitisha maji matupu. Taratibu.
Sijui ni nani. Sijui kama alipona.

La saba lina kioo cha kale, chenye mawimbi.
Ukisogeza kichwa, ng'ombe kule bondeni
wanajikunja, wanajinyoosha,
wanaendelea kula.

Jana Katibu alipita na futi kamba.
"Mwezi ujao," akasema, "alumini. Kioo kimoja kikubwa,
kinateleza. Utamaliza kwa dakika kumi."
Akacheka, akidhani ananipa zawadi.
Nami nikacheka. Nilikuwa nimempa mgongo.

Leo nimefika la tisa. Puti imepasuka;
nikaikwangua kwa ncha ya kisu, ile iliyolegea,
na chini yake, kwenye ile iliyokuwa jiwe,
alama ya dole gumba. Ina kovu katikati,
mstari mmoja unaokata mistari yote.

Ningependa kusema ni la babu yangu,
hadithi ingekaa vizuri zaidi.
Babu alichunga ng'ombe,
kioo alichokijua ni kile cha kujitazamia, nacho kilivunjika.
Nikaweka dole langu. Halikuenea, lilizidi.
Basi alikuwa mtoto, kibarua wa fundi,
aliyebonyeza kabla hajaambiwa kulainisha.
Labda alikemewa.
Labda fundi hakuona, jua lilikuwa linazama,
na ujira ni wa dirisha, si wa siku.

Sikuweka puti mpya hapo.
Nikapuliza vumbi litoke katika mistari,
nikaendelea na kioo kinachofuata.

Zimebaki safu mbili. Upepo umegeuka.
Nesi Sechelela anagonga kutoka wodini,
ananionyesha kwa kidole: hapo, umeruka.
Nasogea. Nafuta. Anatikisa kichwa.
Nafuta tena, kwa ngozi, kwa pumzi, kwa kucha.
Anagonga tena.

Uchafu uko upande wake.